Choo Kinachosubiri Mgeni Rasmi

Msomaji mheshimiwa, mwenyeji wako uliyeketi naye, pamoja na wote wanaochungulia nyuma ya bega lako: itifaki imezingatiwa. Sasa naweza kuanza. Kwetu mtu hasemi hata kwamba nyumba inaungua mpaka kwanza awatambue waliopo, kwa vyeo vyao, kuanzia juu kushuka chini. Kusimamia jambo hilo ndiyo kazi yangu. Mimi ni Ofisa Itifaki wa Kata. Watu huniita Bwana Itifaki, wengine kwa heshima, wengine basi tu.

Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa sababu la zamani limeshafutwa na uzinduzi wa jipya umeahirishwa. Lakini ni nchi nzuri na tulivu. Ujue jambo moja tu kabla hatujafika mbali: kwetu kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Kinaweza kuwa kimejengwa, kimepakwa rangi, na mbuzi wamejilalia kivulini mwake, lakini kama mgeni rasmi hajakata utepe, hakipo. Daraja letu limekamilika zamani. Wananchi wanavuka chini yake, maji kiunoni, viatu mkononi, wakilisifia linavyopendeza ukilitazama kwa chini. Mwaka juzi mvua za vuli zilianza kabla Waziri hajafika kuzizindua. Redio ya taifa ikatangaza kuwa ule ni unyevunyevu wa muda na mtu asipande mbegu. Hatukupanda, na njaa iliyofuata nayo haikuzinduliwa, kwa hiyo siwezi kuizungumzia hapa.

Shule ya Msingi Mlowe ina vyoo vipya. Bati la bluu, milango ya kijani, kuta unazotamani kuziegemea. Kuzunguka jengo zima kuna utepe mwekundu, umefungwa fundo la kipepeo ambalo nililifunga kwa mikono yangu. Utepe tumeubadilisha mara kadhaa, maana jua la kwetu linapausha. Vyoo vyenyewe hatujawahi kuvikarabati, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuingia.

Watoto walikuwa wanatumia choo cha zamani, kile cha shimo, chenye sakafu ya miti na udongo. Siku moja wakati wa mapumziko sakafu ile ilishuka. Taarifa rasmi ilisema choo kimestaafu. Niliisaidia kuiandika na bado naona neno lile lilikaa vizuri. Ndani alikuwemo mtoto wa darasa la tatu, Doto. Nje alikuwepo pacha wake, Kulwa, akimshikia mlango kwa mkono, kwa sababu komeo halikuwepo.

Tulisimama kimya dakika moja. Mimi ndiye niliyeshika saa, na ninakuhakikishia ilikuwa dakika kamili. Usinitolee macho, msomaji. Unataka kujua nilihisi nini? Sikuhisi kitu. Kwetu tumekuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaugusa, unajua ni wako, basi.

Tangu siku hiyo Kulwa aliacha kunywa maji. Hakugoma na hakulia. Asubuhi akipewa uji, anaonja, anafuta mdomo, anashika njia ya shule. Mchana wenzake wakikimbilia kichakani nyuma ya shule, yeye anabaki darasani amebana magoti. Hakutaka kuwa na haja ya kwenda popote. Midomo ikapasuka. Akawa anasinzia kwenye dawati, na mara mbili alianguka mstarini wakati wa wimbo wa taifa, mara ya pili kabla ubeti wa kwanza haujaisha, jambo ambalo lilitusumbua kidogo kiitifaki.

Mganga wa zahanati alimwambia mama yake, "Figo za mtoto hazina mchezo, dada. Huyu asipokunywa maji tutakuja kuzungumza mengine. Anywe."

"Anywe," mama akajibu, "halafu aende wapi?"

 Zahanati yenyewe ilikuwa bado na utepe, mganga alikuwa anatibia barazani.

Mama huyo mtaa mzima unamwita Mama Mapacha. Anauza vitumbua asubuhi karibu na ofisi yetu ya kata, mwanamke mwembamba, asiye na maneno. Alikwenda kwa Mwalimu Mkuu kuomba utepe ukatwe. Mwalimu Mkuu alimkaribisha kiti, akampa pole, akamweleza kwamba utepe hukatwa na mgeni rasmi, mgeni rasmi hutoka Wizara ya Uzinduzi, Tepe na Mikasi, na Wizara hukumbushwa na Bodi ya Shule peke yake. Mzazi mmoja mmoja hawezi kukumbusha. Mzazi mmoja mmoja akikumbusha, hiyo ni kero.

"Na kwenye bodi anaingiaje mtu?"

"Kuna nafasi moja ya mwakilishi wa wazazi, iko wazi. Itapigiwa kura."

"Basi naiomba mimi," akasema Mama Mapacha, akajifunga kanga vizuri, akaenda kukaanga vitumbua vyake.

Alikuwa na mpinzani. Bwana Mkwizu ndiye mwenye maturubai, viti vya plastiki na vipaza sauti vyote unavyoviona kwenye sherehe za kata yetu. Uzinduzi ukitangazwa, maturubai yake yanafungwa. Ukiahirishwa, yanafunguliwa, na ukitangazwa tena yanafungwa upya, kwa malipo mapya. Ni mtu anayeipenda nchi yake jinsi ilivyo. Watoto wake wanasoma mbali, kwenye shule ambayo vyoo vyake vilizinduliwa siku ileile vilipokauka, lakini kanuni zetu zinamruhusu mtu kuwa mzazi wa jumla.

Bwana Mkwizu alianza kwa pingamizi. Tulikaa ofisini kwangu, yeye, Mama Mapacha, Mwalimu Mkuu na mimi nikiwa msimamizi.

"Bwana Itifaki, mimi sina ugomvi na dada yangu hapa," Mkwizu akasema, huku akijipangusa jasho kwa leso. "Ila tuheshimu kanuni. Mgombea atangazwe kwa jina lake la kweli. Huyu anajulikana kama Mama Mapacha. Mapacha ni wawili. Sasa hivi, kwa masikitiko makubwa, yupo mmoja. Tutakuwa tunawadanganya wapiga kura."

Mwalimu Mkuu akatazama dari. Mimi nikapekua kanuni, na kwa kweli pingamizi lilikuwa na mashiko.

"Mama," nikamwuliza kwa upole wote, "ungependa tukuite nani?"

Akanitazama. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika, kwa maana kuna utaratibu wa mtu aliyekasirika.

"Niiteni mnavyotaka," akasema. "Mimi nawajua wanangu."

Tukamwandikisha kama Mgombea wa Pili.

Uchaguzi wenyewe, kama kitu kingine chochote, ulihitaji mgeni rasmi. Safari hii Wizara ilikubali, maana uchaguzi ni demokrasia na demokrasia hupigwa picha. Tukaletewa Mheshimiwa Naibu Waziri mwenyewe! Loo, kata ilitetemeka. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Ng'ombe wakahamishiwa kata jirani. Watoto walipangwa mistari uwanjani tangu asubuhi, vibendera mkononi, na Kulwa alikuwa mstari wa mbele kwa sababu alikuwa hazungumzi na wenzake, kwa hiyo alipendeza kwa utulivu.

Mheshimiwa alikuwa afike saa nne. Alifika saa nane na nusu. Usimlaumu. Asubuhi alizindua kisima cha kijiji cha jirani, na wewe unajua desturi: mgeni rasmi akizindua maji lazima amtwishe mama mmoja ndoo, kisha anywe glasi nzima mbele ya kamera ili wananchi waamini ni salama. Akanywa. Mpiga picha akasema kidole kilikuwa mbele ya lenzi. Akanywa tena. Mwandishi wa redio akalalamika kwamba hakusikia mlio wa kumeza, akanywa mbele ya kipaza sauti. Halafu akazindua kiwanda kidogo cha juisi ya ukwaju, halafu jiko la mama lishe lenye chai ya tangawizi. Nchi yetu ina vitu vingi visivyokuwepo, na mtu wa kuvifanya viwepo ni huyo mmoja na tumbo lake.

Nilimpokea kwenye gari. Alishuka kwa uangalifu mkubwa, akitanguliza mguu mmoja kisha akingoja.

"Kijana," akaninong'oneza, na mimi nina wajukuu, "shughuli hii ni ndefu?"

"Mheshimiwa, tumeifupisha sana kwa heshima yako. Ngoma, kwaya, ngonjera, salamu za viongozi, hotuba za wagombea, kura, na neno lako."

Akafumba macho kidogo. Nikadhani anasali.

Yote yakapita. Naomba niwasifu watoto wa ngonjera, waliorudia beti zao kila spika ilipokoroma. Mheshimiwa alikaa kwenye kiti kikubwa chenye kitambaa cheupe, chupa tatu za maji baridi zikimtazama mezani. Hakuzigusa.

Bwana Mkwizu akaitwa kwanza. Akatumia itifaki fupi, kama nilivyofanya mimi na wewe pale juu, akaenda moja kwa moja kwenye hoja.

"Ndugu wazazi! Mimi sina mtoto katika shule hii, kwa hiyo sina upendeleo!"

Makofi.

"Wapo wanaosema vyoo vyetu havijafunguliwa. Nawauliza, ni shule gani nyingine katika nchi hii inaweza kujivunia vyoo visafi kama vile? Havina nzi! Havina harufu! Mkinichagua, nitavilinda vibaki hivyo!"

Makofi tena, mengi zaidi. Na mimi nilipiga. Kwetu mikono hujipigia yenyewe, unashtukia tu inauma.

Kisha nikamwita Mgombea wa Pili. Mama Mapacha akaja mbele amejitanda kanga ya mauamaua, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alimtazama Mheshimiwa muda mrefu. Baadaye sana ndipo nilipoelewa alichokuwa anatazama. Magoti yaliyobanwa. Mguu unaogongagonga ardhi. Jasho juu ya mdomo, na ule mtazamo wa mtu anayesikiliza kitu ndani yake mwenyewe. Hakuna mwanamke katika kata ile aliyezijua dalili hizo kama yeye. Alizipokea nyumbani kila siku Kulwa aliporudi shule.

"Nitaanza na itifaki," akasema. "Ile ndefu."

Mkutano ukajiweka sawa vitini. Itifaki ndefu ni heshima ya juu kabisa, wazee wetu wanaikumbuka kwa machozi. Ndani yake kila anayetambuliwa hutajwa kwa jina na cheo, husimama, hupunga mkono, hupigiwa makofi, hukaa, ndipo anatajwa mwingine. Wala mtu haruhusiwi kuondoka. Waraka wa Wizara, uliosainiwa na Mheshimiwa huyuhuyu, unasema atakayeinuka na kwenda zake wakati wa itifaki amejivua cheo. Kuna mkuu mmoja wa wilaya aliwahi kutoka nje kupokea simu, akarudi mwananchi wa kawaida. Siku hizi anauza karanga stendi.

"Namtambua Mheshimiwa Naibu Waziri," Mama Mapacha akaanza.

Mheshimiwa akasimama. Kusimama kulimgharimu. Akapunga mkono mara moja, akakaa kwa hatua.

"Namtambua msaidizi wa Mheshimiwa. Namtambua dereva wa Mheshimiwa. Namtambua msaidizi wa dereva." Sauti yake ilikuwa ileile anayotumia kuuliza unataka vitumbua vingapi, haipandi wala haishuki. Akawatambua madiwani, wa sasa na waliomaliza muda. Akawatambua mabalozi wa nyumba kumi kumi, mmoja baada ya mwingine, na mabalozi wetu ni watu wazima, wanasimama polepole, wengine kwa kushikwa mkono. Akamtambua mwenye jenereta. Akawatambua walimu, mpishi wa uji na mlinzi. Akanitambua mimi! Nikasimama nikapunga, na sitaficha, nilifurahi.

Mheshimiwa alikuwa amegeuka rangi. "Kijana," akanong'ona bila kugeuza shingo, "mwambie huyu mama inatosha."

"Mheshimiwa, ni itifaki," nikamjibu. Ningeweza kumjibu nini kingine?

"Na wa mwisho," akasema Mama Mapacha.

Mheshimiwa akapumua.

"Namtambua mwanangu Doto."

Akanyamaza. Desturi ndiyo hiyo: ukishamtaja mtu, unangoja asimame. Akangoja. Na sisi tukangoja, maana hakuna kanuni inayosema unangoja muda gani. Turubai likapepea. Mtu alikohoa, akajuta. Niliyatazama makaratasi yangu, kisha viatu vyangu, kisha sikuwa na kitu kingine cha kutazama. Ule mguu niliokwambia, msomaji, uliokaliwa, ukaanza kuchomwa sindano. Iliniuma, basi, ndivyo ilivyokuwa. Nilitamani Mheshimiwa Doto asimame ili tuendelee na ratiba.

Ndipo kule kwenye mistari ya watoto Kulwa akatoka mbele hatua moja. Alikuwa na kile kibendera. Akakiweka chini, akanyoosha mkono juu na kuupunga, taratibu, kushoto na kulia, kama anavyofanya mtu aliyetambuliwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mara ya kwanza katika kazi yangu yote, mikono ya watu wangu ilibaki mapajani.

"Asante, mwanangu, kaa," mama akasema. Kisha akamgeukia mgeni rasmi, bado kwa sauti ya vitumbua. "Mheshimiwa, shikamoo. Nakuona unavyoumia. Vyoo viko pale nyuma yako, vipya. Vina utepe tu. Na mimi hotuba yangu bado sijaianza."

Mheshimiwa akageuka. Akayaona mabati ya bluu na milango ya kijani.

"Mkasi," akasema.

"Mheshimiwa," nikainama sikioni kwake, "uzinduzi wa vyoo haumo kwenye ratiba ya leo. Wewe ni mgeni rasmi wa uchaguzi. Mgeni rasmi wa vyoo huteuliwa na..."

"We bwana, mkasi!"

Mkasi huwa ninao. Ofisa Itifaki asiye na mkasi ni sawa na shehe asiye na kofia. Niliutoa mfukoni mwa koti, bila kimto cha kuulazia, bila binti wa kuubeba, aibu tupu. Alininyang'anya. Kwa sababu uzinduzi ni sehemu ya itifaki, cheo chake kilibaki salama, akaenda kwa hatua fupifupi, sisi sote nyuma yake, kamera zikikimbia. Akakata fundo langu la kipepeo kwa mkato mmoja. Akatoa hotuba fupi kuliko zote katika historia ya taifa letu.

"Nimezindua," akasema, akaingia mlango wa kwanza.

Mwalimu Mkuu, kwa busara, akaiamuru kwaya iimbe wimbo wa taifa, kwa sauti, beti zote. Tulisimama wima mikono ubavuni tukiutazama mlango wa kijani. Walipofika ubeti wa mwisho alikuwa hajatoka, wakarudia.

Alitoka mtu mwingine kabisa, amenyooka, anatabasamu, anawapa watu mikono. Akasema serikali inasikia. Akasema mradi huu ulikuwa moyoni mwake siku zote, na nadhani alikosea mahali tu.

Msaidizi wake akatoa maelekezo papo hapo: mlango ule wa kwanza ufungwe kwa kufuli, ubandikwe kibao cha shaba, uhifadhiwe kama kumbukumbu. Hadi leo umefungwa, na kila mwaka wanafunzi wanapelekwa kuutazama. Ile milango mingine haikuwa na historia, kwa hiyo ikaachwa wazi.

Tukarudi kwenye kura. Bwana Mkwizu, ambaye alikuwa ameshaanza kuhesabu maturubai ya uzinduzi aliyoyakosa, akainua mkono. "Pingamizi! Mgombea wa Pili hakuomba kura. Ametambua watu tu. Kanuni zinasema asiyeomba hapigiwi."

Nikapekua. Ilikuwa kweli. Nilitazama huku na huku nikitumaini mtu atapinga, nikiwemo mimi mwenyewe. Lakini nimekuwa Ofisa Itifaki muda mrefu mno. Nikamtangaza Bwana Mkwizu kuwa mjumbe halali wa Bodi ya Shule, mwakilishi wa wazazi wote. Mikono ikapiga makofi.

Nilikwenda kumpa pole Mama Mapacha. Nilimkuta nyuma ya umati, amechuchumaa mbele ya Kulwa, anamfunga kifungo cha sare.

"Mama, pole. Ni kanuni."

"Haya, Bwana Itifaki," akasema, bila kuinua macho.

Kulwa alikuwa anautazama mlango wa pili, uliokuwa nusu wazi. Utepe uliokatwa ulikuwa umelala chini mbele yake.

"Mama, na sisi tunaruhusiwa?"

"Ingia."

"Sakafu je?"

Mama akainuka, akaingia yeye kwanza. Tukasikia anapigapiga miguu mle ndani, kwa nguvu, pembe hadi pembe, kama mtu anayecheza ngoma peke yake. Akatoka. "Zege," akasema. "Na mlango una komeo. Lakini mimi niko hapahapa."

Kulwa akauruka utepe, akaingia. Mama akashika mlango kwa nje, kwa mkono, ingawa komeo lilikuwepo. Kulwa alikaa kitambo mle ndani. Mwanamke yule hakubandua mkono wala hakuangalia pembeni. Uwanjani walishaanza kukusanya viti. Ningeweza kwenda zangu, shughuli ilikwisha. Nilibaki. Sijui kwa kanuni ipi.

Mlango ukafunguka. Kulwa akasimama kizingitini, akajifutia mikono kwenye sketi, akaitazama ile meza ya wakubwa, na zile chupa tatu za maji ambazo hakuna aliyezigusa.

"Mama," akasema, "nina kiu."